Ukigonga Mara Mbili

Mama,

Kwa desturi ningeanza kwa kukwambia mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Leo hiyo hofu sijui niiweke wapi. Wewe umeshapumzika. Basi niseme ninachokijua: nakula, chuoni naenda, na chumba changu bado ni kile kile cha uani kwa Hajati, hapa Old Kampala, chini ya msikiti mkubwa.

Wenzangu wote hupiga simu kwao. Mimi peke yangu nilikuwa naandika barua na kumkabidhi kondakta wa basi, maana simu kwako ilikuwa kazi bure. Mashine ya kusaga ilishakula masikio yako kabla mimi sijajua kusoma. Ungeshika simu, ungepaza sauti "Sauda! Umekula?" mpaka mtaa mzima wa Tabora ujue habari za tumbo langu, kisha ungekata bila kusikia jibu. Kwa hiyo nimezoea kukuandikia, na mkono bado haujapata habari kwamba umekufa.

Nimekuja na habari za muziki. Najua unacheka. Lakini subiri, nianzie nyumbani ili nisipotee.

Ulikuwa ukisimama juu ya lile jukwaa la mbao, ukimwaga mahindi ya watu kwenye bakuli la bati juu ya mashine. Yakikwama, unaligonga bakuli kwa fimbo yako ya mpera ili yashuke. Lakini ukigonga mara mbili za haraka, ko-ko, hapo hugongei mahindi ya mtu, hapo unaniita mimi. Wasichana wengine wakiitwa na mama zao husema "Abee." Mimi ningesema "Abee" asikie nani? Nilikuwa nakuja mbio, nakanyaga ubao wa jukwaa kwa nguvu, puu, mguu mmoja, na wewe unahisi kwenye nyayo. Hukugeuka hata siku moja. Ulitikisa kichwa tu, kumaanisha nimefika. Hivyo ndivyo nilivyokuitikia maisha yangu yote.

Na ulikuwa mtu wa nyimbo, hilo nililijua kwa kusimuliwa. Shangazi alisema ulipokuwa msichana hapakuwa na harusi ya taarabu iliyokupita. Mimi sikukukuta hivyo. Mimi nilikukuta ukikaa harusini katikati ya wenzako, ukitazama midomo ya waimbaji, ukipiga makofi nyuma kidogo ya wengine wote. Nilikuwa mdogo na nilikuwa naona aibu. Nilipokua kidogo nikaacha kuona aibu nikaanza kuumia, na kuumia kulinikaa vibaya zaidi.

Sasa muziki wenyewe. Unakumbuka barua yangu ya kwanza kutoka huku? Wiki ile nilikuwa naumwa na kukumbuka nyumbani. Nilikwenda Bugolobi kumtafuta mwanafunzi mwenzangu kwenye zile fleti, nikapotea, nikatokea upande wa viwandani. Huko kwenye maghala nikasikia mashine inasaga. Dum, dum, dum, dum, polepole, kama ile yetu ikiwa haijapata moto. Mama, machozi yalinitoka. Niliufuata ule mlio mpaka kwenye mlango wa chuma, nikasukuma, nikauliza kwa adabu zangu zote kama wanasaga dona.

Walikuwa vijana wamekaa juu ya makreti, na kompyuta, na spika ndefu kuliko mlango wa chooni kwetu. Walicheka mpaka mmoja akalala chini. Aliyenielewa ni Espoir, Mkongomani wa Bukavu, mchana anatengeneza simu mjini na muda wake mwingine wote yuko pale. Akaniambia, "Karibu, dada. Hapa tunasaga, lakini hakuna unga." Ndivyo nilivyoingia.

Sikujua kama kuna muziki wa namna ile. Kwetu muziki una mwimbaji na una maneno, na maneno yana mtu anayesemwa. Huu haukumsema mtu. Espoir alinijazia simu yangu nyimbo ambazo redioni hazipigwi. Msichana mmoja anaimba Kiluganda kwa sauti ya chini na gita moja, amejirekodi chumbani kwake, na ukisikiliza vizuri unasikia mvua juu ya bati lake. Nyingine haina sauti ya mtu kabisa, ni mlio tu unaokuja na kuondoka, na katikati yake kuna besi inatembea taratibu kama mtu anayetafuta viatu vyake. Nilikuwa navaa hedifoni asubuhi, ukungu bado umeshika vilima, nashuka kwenda chuoni, na Kampala yote inalegea. Boda zinapita bila kelele. Wauza ndizi wanafungua midomo na sauti hazitoki. Nilikuwa nasema moyoni, hivi ndivyo Mama anavyoona dunia. Nilijidanganya, maana wewe hukuwa na wimbo wa kuweka mahali pa zile kelele.

Halafu ukaja. Siku mbili kwenye basi, na asali, na karanga za kulisha hosteli nzima, wakati nilikwambia siishi hosteli. Hajati alikupenda papo hapo. Yeye ni Mnubi, kazaliwa hapa hapa, Kiswahili chake kina njia zake, na wewe hukukisikia hata neno, lakini mlikaa uani mkichambua mchele na kucheka siku nzima. Mpaka leo sijui mlikuwa mnacheka nini.

Jumamosi mchana nikakupeleka Bugolobi. Espoir alikuwa anajaribu spika. Ulisimama mlangoni na mtandio wako wa safari, ukamwangalia kwa lile jicho unalowakagua nalo mafundi. Akakushika mkono kwa heshima, akakuleta mpaka kwenye spika kubwa, akasema, "Mama, tia mukono hapa. Haiume." Hukumsikia, ila ulielewa. Ukaweka viganja vyote viwili.

Ukatulia. Kisha ukauliza kwa sauti yako ile ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, "Huyu anasaga nini?"

Espoir ilibidi akae chini. Mimi pia nilicheka. Lakini wewe hukuondoa mikono. Ukafumba macho, bega lako la kushoto likaanza kwenda, kidogo tu, na halikuwa nyuma ya muziki hata chembe. Nilikuangalia lile bega. Ukasema, "Nasikia." Mama, sikuwahi kukusikia ukisema neno hilo. Maisha yangu yote ulisema "Sema tena" na "Ati nini" na "Basi, acha." Siku ile ulisema "Nasikia," na hukusogea pale mpaka Espoir alipozima mwenyewe.

Baada ya hapo kila barua yako iliishia na salamu kwa fundi mashine. Mara moja ukaniagiza nimwambie apunguze mwendo, atavunja mkanda. Nilimsomea. Alipunguza kweli, na wimbo ukawa mzuri zaidi, ingawa hakubali mpaka leo.

Likizo ya mwisho Espoir alinituma nikurekodi ukisaga. Nilishika simu karibu na mashine, wewe ukajitengeneza mtandio, nikakuandikia kiganjani kwamba ni sauti tu, si picha, ukatengeneza mtandio hivyo hivyo. Nikaja na ile sauti Kampala nikampa.

Kisha kaka Hamisi akapiga simu asubuhi. Homa ya siku chache, alisema, nami nilikuwa sijaambiwa hata kama unaumwa, mlitaka nifanye mitihani kwa raha. Alasiri ya siku hiyo hiyo wakakuzika. Ndiyo sheria yetu na ni sheria nzuri, lakini basi halijui sheria. Nilipofika nyumbani matanga yalikuwa yameshaanuliwa, mikeka imekunjwa, watu wameondoka. Mashine ilikuwa imezimwa. Niliingia bandani, nikapanda jukwaani, unga wako bado ulikuwa kwenye nyufa za mbao. Nilisimama pale nikisubiri uniite. Sijui nilisimama muda gani. Shangazi ndiye aliyenishusha.

Habari ambayo hutaipenda ni hii: Hamisi ameiuza ile mashine. Usimkasirikie, ilishachoka, walioinunua wameikata vyuma. Kaweka ya umeme. Ni safi, inasaga vizuri, haitetemeshi hata kikombe cha chai. Jukwaa kalitoa, halihitajiki.

Nilirudi huku nikaweka hedifoni kwenye droo. Nyumbani walianua matanga, mimi sikuanua. Nyumba yenye msiba haipigi muziki, na msiba wangu ulikuwa chumbani kwangu, kwa hiyo hapakupigwa kitu. Jumapili nilikwenda Luzira, nikakaa kandokando ya ziwa karibu na bandari, nikasikiliza maji tu. Miezi ilipita namna hiyo. Espoir akaja kuniambia ametengeneza wimbo kwa sauti ya mashine yako, anaomba ruhusa aupige siku watakayokusanyika vijana wengi. Nilimkatalia. Nilimwambia watu hawawezi kucheza ngoma juu ya kaburi la mama yangu. Aliitikia "Sawa, dada," akaondoka, hakuniuliza tena.

Hajati aliyasikia yote, maana ukuta wetu ni wa jina tu. Alikwisha kukusomea hitima kwake, na mandazi, na majirani, nami nimemshukuru. Siku hiyo alikuja na chai akakaa kitandani kwangu. "Mutoto yangu," akasema, "mama yako alikuwa mutu ya kelele. Sasa wewe unamuweka kwa kimya. Atakaa aje huko?"

Nilimkasirikia mpaka chai ikapoa. Kesho yake nikaenda Bugolobi.

Espoir alinipa hedifoni zake kubwa akageuka, ili asinitazame. Na mashine yetu ikaanza, Mama. Ile ile. Kile kikohozi cha kwanza, kisha inashika mwendo, na chini yake kaweka besi pana, na juu vitu vinavyong'aa ambavyo sijui majina yake. Ulikuwa wimbo mzuri. Nikasubiri. Ukaendelea, ukapanda, ukashuka, ukaisha. Nikavua hedifoni nikamuuliza, mama yangu yuko wapi?

Hakuelewa. Nikamwambia ile ko-ko. Wakati narekodi ulisahau kwamba nimesimama mbele yako, ukanigongea kama kawaida nikulete ndoo, nami nilikuwa nimeshika simu nikacheka tu. Akasema, "Ile makelele? Niliitoa, ilikuwa inachafua." Nilimpigia kelele Espoir wa watu, mbele ya wenzake, kelele nilizokuwa nimezifungia tangu bandani. Nilimwambia, "Umeacha chuma, umemtoa mwenye chuma." Hakujitetea. Akasema, "Sikuyua, dada. Sikuyua kama ni mama." Akafungua kompyuta akairudisha, mbele yangu, mahali pake pale pale.

Nikampa ruhusa.

Ilikuwa Jumapili, jua bado lipo, milango ya ghala iko wazi. Walikuja wengi, Waganda, Wakongomani, Wakenya wa chuoni kwetu. Hakuna aliyekujua. Nilisimama mbele ya ile spika uliyoishika wewe nikaweka viganja vyote viwili. Mashine ikakohoa, ikashika. Watu wakaanza kutikisika taratibu, macho yamefumbwa, vumbi la sakafuni likapanda kwenye mwanga mpaka nikaona unga. Halafu muziki wote ukakatika, kimya, na katika kile kimya ukagonga.

Ko-ko.

Na watu wote, Mama, bila kuambiwa na mtu, wakakanyaga. Mguu mmoja, pamoja. Sakafu ya ghala ikatetemeka mpaka nikaihisi kwenye magoti. Ukagonga tena, wakakanyaga tena. Watu wasiokujua hata jina walikuwa wanakuitikia, na mimi, mwanao uliyekuwa unaniita, nilikuwa nimeganda na mikono kwenye spika.

Ulipogonga mara ya tatu nilikanyaga.

Nililia mpaka nikaishiwa, na nililia nikicheza. Chumbani nimetoa hedifoni kwenye droo. Hajati anasema usingizi wake umeharibika, na anasema hivyo huku anatabasamu.

Sasa lala, Mama yangu. Mungu akulaze pema, na huko akurudishie masikio yako yote mawili. Likizo nitakuja na spika ndogo. Nitaiweka chini bandani, pale jukwaa lilipokuwa, niipige kwa sauti ya wastani, majirani wasije wakaleta mahindi. Nitavua viatu. Wewe usigeuke, tikisa kichwa tu.

Ukigonga mara mbili, nitakuwa nimeshafika.

Mwanao,
Sauda