Kitambaa kabla ya kilio

Mwenzangu, nimesalitiwa. Tena kwa anime, katuni ya Kijapani!

Si unajua mimi na mchumba wangu tuliapa siku ya mahafali kwamba ile ya mbwa na mbeba taa tutaiangalia pamoja tu, sehemu moja kila Jumamosi?

Leo mbwa bado anakimbia, mzima kabisa, jamaa akanipa kitambaa. Kitambaa! Sekunde tano baadaye mbwa akafa.

"Umejuaje?"

"Nimehisi tu, mpenzi."

"Umehisi?"

Akakiri. Ameshamaliza sehemu zote.

"Uliangalia na nani?"

"Na dada yako. Alisema kwa Jumamosi zako tutazeeka hatujamaliza."

Dada yangu! Yule niliyembembeleza mwaka mzima aiangalie, akanijibu katuni ni za watoto.

Sasa hivi ameniandikia: "Usilie, mdogo wangu. Mwishoni mbwa anafufuka."