Mistari Niliyokata Kwenye Bunduki ya Mzee Nyamhanga

Tarime, Alhamisi, 1956. Mvua inanyesha tangu asubuhi, na hasira zangu bado hazijaisha.

Leo Mzee Nyamhanga wa Kerende alikuja kuchukua bunduki yake, ile anayofukuzia nyani na nguruwe shambani. Kitako cha zamani kilipasuka, Fundi Kirpal, anayenifundisha kazi, akamchongea kipya cha mbao ya mninga. Mistari ya kwenye mshiko nimeikata mimi.

Miezi saba nimejifunza kwenye vipande vya mbao vya kutupwa. Kifaa chenyewe ni kidogo, kina safu mbili za meno: moja inapita kwenye mstari uliokwisha kukatwa, nyingine inakata mpya pembeni yake. Mstari mmoja ukipinda, yote inayofuata inapinda nao. Nimeharibu vipande vingi, na nimelia, ingawa Fundi hajui.

Mzee aliishika bunduki, akaigeuza. "Hii haitelezi hata mkono ukiwa na jasho," akasema. "Fundi, hapa umefanya kazi."

 Nilitaka kumwachia Fundi sifa hiyo. Nakiri.

Kisha nikasema, "Mzee, hiyo mistari nimeikata mimi."

Akairudisha mezani upesi. "Ifuteni. Sitabeba bunduki iliyochezewa na mwanamke. Watu watanicheka."

Nikachukua msasa, nikauweka mbele yake.

"Mimi siifuti, mzee. Ukitaka, ifute mwenyewe."

Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo. Mama angesikia angenizaba kofi, na miaka yangu ishirini na mitatu hii.

Ndipo Fundi akanyoosha mikono yake juu ya meza. Ilikuwa inatetemeka. "Tazama, mzee. Kuchonga bado naweza, lakini tangu mwaka jana siwezi kukata hata mstari mmoja. Kama hutaki kazi ya Bhoke, hapa hakuna nyingine."

Mwaka mzima aliwaficha wateja jambo hilo. Leo amelisema kwa ajili yangu.

Mzee hakugusa msasa. Aliifunga bunduki kwenye blanketi, akatoka bila kuaga. Nilimwona barazani akingoja mvua ipungue, mkono wake umo ndani ya blanketi, kidole gumba kinapapasa mshiko, kinaenda na kurudi.

Mstari mmoja karibu na chuma umepinda kidogo. Yeye hakuuona. Mimi ninaujua.

Kesho asubuhi naanza kitako kingine. Nitakikata vizuri kuliko hiki, na mwenye bunduki akiuliza ni kazi ya nani, nitamjibu kabla hajamaliza kuuliza.