Asubuhi ya Karatasi ya Jiografia

Kwamboka, mdogo wangu,

Jana Mama aliniuliza kama nimewahi kuzungumza nawe tangu tukuzike. Nikamwambia sijaweza. Akasema, "Basi mwandikie. Wewe ni mwalimu, kuandika ndiyo kazi yako." Sasa nimekaa jikoni kwake, mvua inapiga migomba huko nje, na sijui nianzie wapi.

Nianze na ule mtihani.

Unakumbuka mwaka ule? Mtihani wa kutoka Uingereza ulikuwa unaondoka, tukaambiwa darasa lenu la kidato cha nne ndilo la kwanza kufanya ule wa Afrika Mashariki. Shule yetu ya harambee hapa Mosocho haikuwa na vitabu vipya. Karatasi za zamani nilizorundika miaka yote zikafaa kufungia njugu tu sokoni Daraja Mbili. Nyinyi mlitaka kwenda vyuoni, na mimi sikujua mtaulizwa nini. Nilisimama mbele yenu nikijifanya najua.

Wewe uligundua. Nilipotunga maswali ya majaribio, ni wewe uliyezungusha mashine ya stensili kuyachapa hadi mikono ikawa myeusi kwa wino. Darasani uliniita "Mwalimu" huku umeuma midomo usicheke, na nyumbani nikawa dada tena. Nilipowafundisha kuchagua jibu moja kati ya manne, ulikasirika. "Dada, nikitia alama tu, watajuaje kama nimeelewa au nimebahatisha?" Nilikwambia utie alama.

Asubuhi ya karatasi ya Jiografia uliamka ukitetemeka. Nilikugusa paji la uso, lilikuwa la moto sana. Mama akasema, "Mpeleke hospitali." Nami nikamjibu, maneno haya nayasikia mpaka leo, "Imebaki hii moja tu, Mama. Akimaliza nitampeleka mwenyewe."

Hukubisha. Ulinitazama vile ulivyonitazama darasani, ukingoja nikuambie la kufanya. Nikakumezesha vidonge, nikakuvika sweta langu, tukaenda.

Ulimaliza. Msimamizi alisema hukuweka penseli chini mpaka kengele ilipolia. Ulianguka mlangoni. Hospitalini Kisii daktari aliuliza homa ilianza lini. Nikasema asubuhi. Alinitazama, akaendelea na kazi yake. Wewe ulikuwa na neno moja tu: "Dada, lile swali la mto, jibu lilikuwa B au C?" Nikakwambia pumzika, tutaliangalia kesho.

Kesho yake Baba alikuwa akitafuta gari la kuurudisha mwili wako nyumbani.

Ulifaulu, Kwamboka. Mwalimu mkuu alisoma majina mbele ya wazazi, akalifikia lako, akasita, kisha akalisoma. Chuo cha ualimu kilikuwa kimekuita. Halafu watu wakanipigia makofi mimi, kwamba shule ndogo kama yetu imeumudu mtihani mpya. Nami nikapiga. Mungu anisamehe, nilipiga makofi pamoja nao.

Mama hajanilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu.

Sasa sikia kilichonileta kwenye barua hii. Mwezi uliopita, wakati wa mtihani wa kidato cha nne, mwanafunzi wangu mmoja anayeitwa Bosibori alikuja ana homa. Anatoka Itumbe, baba yake ni mfanyakazi wa kiwanda cha majani chai. Alikuwa amebakiza karatasi moja. Mwalimu mkuu akasema, "Mwache amalize." Nilikataa. Nilimshika mkono akilia, nikampeleka hospitali. Daktari akampima, akasema ni homa ndogo tu. Angeweza kumaliza.

Amepoteza mwaka. Baba yake alikuja shuleni, hata hakupaza sauti. "Mwalimu, wewe kazi yako unayo. Mtoto wangu umemnyima yake." Anataka kumpeleka akachume majani chai. Bosibori tukikutana njiani haniamkii.

Nilidhani nimejifunza. Nilidhani safari hii nimefanya vizuri. Lakini sikumtazama Bosibori asubuhi ile, nilikuwa nakutazama wewe. Wewe nilikulazimisha kuingia, yeye nikamlazimisha kutoka, na nyote wawili sikuwauliza mnajisikiaje.

Jumapili nitakwenda Itumbe. Nitamwomba baba yake amwache Bosibori akae kwangu mwaka huu, nimfundishe jioni, aurudie mtihani. Nitamsimulia habari zako zote, pamoja na yale niliyomjibu Mama asubuhi ile, ili ajue anamkabidhi nani mtoto wake. Halafu nitamuuliza Bosibori mwenyewe anataka nini, na nitanyamaza mpaka amalize kusema. Akinifukuza, nitarudi Jumapili inayofuata.

Kwaheri, mdogo wangu. Sikuombi unisamehe leo. Acha kwanza niende Itumbe.

Dada yako,
Moraa