Motokaa Inayolala Zizini

Mpendwa mshauri,

Naomba unitegee sikio, maana hapa nyumbani kila ninayemwambia hunijibu kuwa gari si habari ya mwanamke. Nina watoto wawili, huyu wa mgongoni bado ananyonya, mume wangu Simoni yuko Nairobi kwenye kazi ya reli, na mimi naishi huku Tarime kwa wakwe zangu, nalima, nakamua, usingizi sina, lakini kinachonimaliza si hayo, ni motokaa. Baba mkwe aliuza ng'ombe akanunua pikapu kuukuu kwa mwenye duka mmoja wa Musoma, ndiyo motokaa pekee kijijini, inabeba mahindi, inabeba wagonjwa, na tangu siku ya kwanza inalala zizini katikati ya ng'ombe, kwa sababu mzee anaogopa wezi wa magurudumu wanaotafuta mpira wa kushonea viatu. Alisema mbele za watu, "Ng'ombe wangu ndio walioileta, basi na wailinde." Watu walicheka, nami nikacheka.

Sasa, mshauri, ni masika ya pili, zizi limekuwa tope la samadi na mkojo, magurudumu yamezama nusu, na juzi binti yangu Wegesa alikuwa akicheza kule nyuma kwenye kubebea mizigo, mguu ukatoboa sakafu ukazama mpaka gotini, nikamtoa analia, amechubuka, nikachungulia chini nikaona bati limeliwa kama jani lenye viwavi, na vile vyuma virefu vinavyobeba gari zima vinabanduka maganda mekundu. Nikamwita shemeji yangu Mogesi, ndiye dereva wetu. Akatazama, akaweka ubao juu ya tundu, juu ya ubao akatandaza ngozi ya ng'ombe, akasema, "Shemeji, usipige kelele. Nimepata debe la lami kwa watu wa barabara, nikipaka chini hata fisi hang'ati."

Nikamwambia, "Utapaka lami juu ya mavi ya ng'ombe?"

Akacheka. "Kwani nyumba yako umeisiriba kwa kitu gani, si kwa mavi hayo hayo?"

Haraka yake naijua. Mwezi ujao tunakwenda Matongo kumchukua mchumba wake, na kule nyuma watapanda mama mkwe, mashangazi na watoto wote, Wegesa akiwemo. Baba mkwe hajui habari ya tundu, na kwetu mkamwana hasimami mbele ya baba wa mumewe akamfundisha, hata chakula chake sikipeleki mwenyewe. Nikinyamaza naogopa, nikisema nitaitwa mke mwenye mdomo aliyeharibu arusi ya watu. Nimesoma mpaka darasa la nne, kuandika najua, basi nimeandika. Nifanye nini motokaa ipone na mtoto wangu asidhurike?

Ni mimi, Mokami, mke wa Simoni,
Tarime

JIBU

Mokami mwanangu,

Pole kwa uchovu, na Wegesa mpe pole yangu. Kucheka siku ile ulicheka na wenzako, sikulaumu. Lakini ngozi ilipotandazwa juu ya tundu nawe ukaiacha pale, hapo nakukaripia. Tundu linaloonekana mtu hulikwepa. Nenda kaitoe ngozi hiyo kwanza, kisha urudi uendelee kusoma.

Umeitoa? Haya. Nimemwuliza fundi wa magari ninayemwamini. Anasema mkojo wa ng'ombe na samadi mbichi hula chuma upesi kuliko mvua, na lami ikipakwa juu ya uchafu na unyevu huifungia kutu ndani, ikaendelea kula huku nje panang'aa. Mwambie Mogesi nyumba yako ni ya udongo na gari ni la chuma, aache mzaha.

Motokaa itoke zizini ikae mahali pakavu penye changarawe, chini ya paa lisilo na kuta, upepo upite. Ioshwe chini kwa maji mengi mpaka tope litoke kwenye kila pembe, na vitundu vya kutolea maji chini ya milango vizibuliwe kwa waya. Iachwe ikauke kabisa. Wakiiinua kwa jeki, waiegemeze juu ya magogo imara. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki tupu. Mogesi akwangue kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, apake ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ikikauka ndipo lami yake ipate kazi. Bomba la moshi na mipira ya breki asiviguse. Kila masika yakiisha aoshe tena, arudie palipobanduka. Wewe unayenyonyesha, pamoja na watoto, kaeni mbali na vumbi hilo na rangi hiyo, ni sumu.

Lakini usidanganyike: hayo huchelewesha kutu, hayarudishi chuma kilichokwisha kuliwa. Vile vyuma virefu avigonge kwa nyundo. Kikilia vizuri, kizima. Nyundo ikididimia, motokaa isiondoke hapo mpaka fundi wa kuchomelea aitwe.

Baba mkwe usimfundishe. Nenda kwa mama mkwe, maana yeye husema na mumewe, na yeye ndiye atakayekaa juu ya ubao ule. Mshike mkono, mwonyeshe tundu, mwonyeshe goti la mjukuu wake. Mogesi usimchongee, mzee usimcheke. Sema tu, "Mama, motokaa ya baba inaoza, tuiponye." Mtu aliyeuza ng'ombe wake kwa kitu hapendi kukiona kikioza.

Na siku ya kwenda Matongo ikifika kabla gari halijapona, hapo heshima kaiweke kando kidogo. Wegesa hapandi. Usinong'one, usimtume mtu akusemee. Sema mwenyewe, tena mara moja. Mfunge mdogo mgongoni, mshike mkubwa mkono, mtoke alfajiri kwa miguu, na mwenye akili atakufuata. Mkichelewa, bibi arusi atawangoja. Haolewi na motokaa.