Kafi Lenye Vichwa Viwili

Jumatatu, 4 Agosti
Nimevusha watu wa gulio, safari nne. Mchana wavushaji tukaitwa na mwenye kambi ya wageni. Kaleta mitumbwi ya plastiki, inaitwa kayaki. Anataka mtu mmoja wa kuongoza wageni mtoni, kazi ya kudumu, ukiipata uvushaji unaacha. Nani zaidi yangu? Miaka arobaini mto huu nauvuka. Kumbe Ijumaa kuna mtihani. Mtihani! Mimi! Mwalimu ni binti kutoka Mkata, Zaina. Eti anifundishe kushika kafi.

Jumanne, 5 Agosti
Kafi lenyewe lina vichwa viwili. Ujinga. Nimelishika ninavyojua, mkono mmoja juu kabisa, mwingine chini. Zaina akasema, "Shikamoo babu. Hapo unatwanga, hupigi kafi." Wakacheka wote. Shikamoo gani hiyo yenye matusi? Nikapanda hivyohivyo. Nikazunguka palepale kama pia.

Jumatano, 6 Agosti
Leo kaniwekesha kafi kichwani, mbele za watu, kama mzigo wa kuni. Viwiko vikunjike sawasawa, eti ndipo mikono inapokaa. Tena nisilikabe. Nisipolikaba si litakwenda na maji? Nimevusha mama mwenye uchungu mto umefurika. Leo naambiwa nilegeze vidole! Nimeondoka bila kuaga.

Alhamisi, 7 Agosti
Malengelenge viganja vyote. Simwambii mtu. Hamisi, mvushaji mwenzangu, ameshalijua kafi. Ananiambia, "Mzee Mhina, usihangaike, wageni nitakusalimia." Mshenzi.
Jioni mke wangu kanikuta uani, mchi kichwani, viwiko nimekunja.
"Baba Rehema, una nini?"
Nimemwambia naangalia kama mchi umepinda.

Ijumaa, 8 Agosti
Baada ya swala, mtihani. Hamisi kaanza. Kenda vizuri, ila akashika kafi nyuma mbele, upande wenye bonde, ule uliobonyea, ukatazama mbele. Upepo ukamtia kwenye matete. Mimi bonde nikalielekeza kwangu. Mikono wazi kupita mabega kidogo. Vidole vimelegea. Nikazungusha kiuno, si mikono. Kayaki ikanyooka hadi ng'ambo, maji hata kelele hayakupiga. Kazi yangu! Zaina akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia nilikuwa najua tangu zamani.

Jumamosi, 9 Agosti
Wageni bado hawajafika. Nimekaa kambini na jaketi la kuelea. Watu wa ng'ambo wakaita, "Mvushaji!" Nikainuka.
Hamisi alishasukuma mtumbwi.
Nikakaa.