Krismasi Imekuja Kabla ya Baba

Jumapili, 17 Oktoba 2021

Mdomo wangu umeniponza.

Tulikuwa tunangoja habari za jioni. Mara tangazo la lile duka kubwa — meza ndefu nje kwenye jua, taji za karatasi vichwani, halafu mwanamume anaingia mlangoni na begi na watoto wanamrukia. Krismasi! Oktoba! Wiki yenyewe haijaisha tangu lokidauni ifunguliwe.

Mbithe akaruka kutoka kwenye kochi. "Daddy's coming!" Akaenda kuvaa viatu, akakaa kwenye kizingiti.

Ni mimi niliyemwambia. Julai, alipokuwa akimlilia baba yake, nikasema: ukiona Krismasi kwenye TV, ujue Baba yuko njiani. Kwetu Meru TV haikutaja Krismasi mpaka shule zifungwe na watu wa Nairobi waanze kufika na mizigo. Ukiiona leo, kesho mtu anabisha hodi. Na hii TV tumeipata juzi tu, Mélanie wa kazini alitupatia yake ya zamani. Ningejuaje kwamba huku ng'ambo wanaanza Oktoba?

Mutua, mume wangu, alirudi kwetu kumzika baba yake Februari mwaka jana. Wiki tatu, alisema. Machi mipaka ya huku ikafungwa. Visa yetu ni ya muda, si sisi wa kufunguliwa kwanza. Alimwacha mtoto ana miaka miwili. Sasa ana minne.

Amelala na viatu miguuni. Nimemvua polepole.

Jumanne, 19 Oktoba 2021

Kazini Smithfield, kiwanda cha kufulia, kwenye chumba cha chai, hakuna hadithi nyingine. Yule mama Mlebanoni wa kupiga pasi mashuka ya hospitali amekasirika kabisa — eti hata Halloween bado, wanatusukuma tu tukanunue. Mzee wa forklift anasema kila mwaka wanaanza mapema, atakufa wakiimba Krismasi wakati wa Pasaka. Watu wakacheka. Mimi nikatazama kikombe changu.

Mélanie, Mrundi wangu wa mashine ya pili, akawajibu: wacha waonyeshe! Miezi minne kila saa tano asubuhi tunahesabiwa wagonjwa na maiti kwenye hiyo TV, leo mnachukia kuona watu wanakula?

Nikamwambia pembeni kwamba nimeficha rimoti.

"Unaficha télécommande? Mama Mbithe! Unaficha mtoto, ama unajificha weye?"

Nikarudi kwenye mashine yangu.

Kwenye basi nimesoma maoni ya watu Facebook chini ya lile tangazo. Matusi! Mamia. Wengine wanaapa hawataingia dukani humo tena. Katikati yake mwanamke mmoja, mtu mzima kwa picha yake, ameandika kwamba mwanawe yuko London, hajamwona tangu 2019, na kila likija hilo tangazo analia lakini hazimi TV. Nilitaka kumjibu. Kiingereza changu cha kuandika kinanitia aibu. Nimemwekea moyo tu.

Jumatatu, 1 Novemba 2021

Mipaka imefunguliwa — kwa raia na wakaazi wa kudumu. Siku nzima TV inaonyesha uwanja wa ndege, watu wazima wanalia kama watoto. Tangazo, kukumbatiana, tangazo, kukumbatiana. Kila mwanamume mwenye begi Mbithe anauliza kama ndiye. Hamkumbuki vizuri baba yake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Lile tangazo likaja mara ya tatu. Mbithe akasema, kwa Kiingereza chake kama kawaida, kwamba wale watoto baba yao huja kila siku.

Kila siku! Nikaenda jikoni nikafungulia maji.

Jumatatu, 22 Novemba 2021

Mungu ni mwema! Mungu ni mwema! Wametangaza — wenye visa kama zetu wanaruhusiwa kuanzia tarehe mosi Desemba. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Mutua amepata ndege. Anafika Ijumaa tarehe tatu!

Akanionyesha kwa simu nguo ya Krismasi aliyomnunulia mtoto. Ya manjano, ina mkanda nyuma. Ameikunja, ataificha mpaka siku yenyewe, kama tulivyofichiwa sisi utotoni. Akainyoosha mbele ya kamera. Nikaona ni ndogo. Ni ya yule mtoto aliyemwacha. Akauliza, inamtosha, Mama Mbithe? Nikasema ni nzuri sana, mume wangu.

Nitaitoa pindo. Nitaongeza kitambaa. Hatajua.

Sasa ni mimi ninayengoja tangazo. Rimoti iko mezani. Kazini mama Mlebanoni ameanza tena kulalamika, nikamwambia, mama, acha lije, mimi nimelingojea miaka miwili. Akanitazama. Akanipa biskuti yake.

Mbithe nimemfundisha: "Karibu nyumbani, Baba." Analisema vizuri. Analiambia kochi, analiambia friji.

Jumatatu, 29 Novemba 2021

Sina nguvu za kuandika. Virusi vipya. Wenye visa wangoje mpaka kumi na tano Desemba — "labda". Ndege ya Mutua haina maana tena.

Amesema, ni wiki mbili tu, Mama Mbithe. Machi ya mwaka jana tuliambiana vivyo hivyo, wiki mbili tu.

Ile nguo bado iko kwenye begi, anasema. Hatafungua begi. Mimi ninamwamini. Ninaamini atakuja. Lakini mtoto nimwambie nini? Nilimpa tarehe. Tumeihesabu kwa vidole vyake.

Nitamwambia kesho, baada ya chakula.

Jumanne, 30 Novemba 2021

Chakula tumekula. Sijasema.

Tangazo limekuja kabla sijafungua mdomo. Akavaa viatu, vile vyenye utepe wa kubandika, cha kushoto mguu wa kulia. Akafungua mlango. Amekaa kizingitini anatazama ngazi. Nimekaa naye, daftari magotini. Nikaanza: Mbithe, mama, sikiliza. Akaniwekea kidole mdomoni. Yuko karibu, anasema, sasa ataingia.

Wakati huo yule mwanamume wa TV akaingia na begi lake. Watoto wakamrukia. Likaja tangazo la magari.

Hajavua viatu. Ametazama ndala zangu, ametikisa kichwa kama bibi yake. Anasema Baba hawezi kunikuta nimevaa hivi.

Nimekwenda kuvaa vyangu.