Kulipasha Joto Gari la Laurencia

Jumatatu, 13 Januari 2025

Nimesali masifu ya asubuhi, nimekunywa chai ya rangi, na ilipotimu saa mbili na dakika kumi nikachukua simu. Kaskazini ya Norwei, anakoishi binti yangu Laurencia, ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi, na giza bado. Nje: nyuzi kumi na saba chini ya sifuri. Nikabonyeza alama ya joto — kwanza hewa ya ndani, kisha kiti cha dereva. Programu ya gari lake ikajibu kwamba amri imepokelewa.

Saa mbili na nusu nukta ya bluu, ndilo gari lake, ikaondoka nyumbani kwake kuelekea kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi ya uuguzi. Ameketi mahali pa joto, yeye na mtoto aliye tumboni. Tunamtarajia mwezi Mei, Mungu akipenda.

Alinifundisha mwezi Agosti, alipokuja Karatu kwa misa ya kumwombea mama yake. “Gari ni la umeme, baba. Wewe ndiwe utakayenipashia joto.” Tangu theluji ilipoanza sijakosa hata siku moja.

Kazi yangu ya leo imekwisha. Saa mbili na nusu tu!

Alhamisi, 16 Januari 2025

Jirani yangu Vedasto alikuja kuazima jembe. Aliendesha watalii kwenda mbugani Kreta miaka thelathini. Hakuna gari asilolijua.

“Mwalimu, unapasha joto Ulaya, na chai ya mgeni imepoa!”

Nikamwonesha simu, kwa fahari kidogo — namwomba Mungu anisamehe. Akaitazama, akacheka. Akasema magari hayo hupangiwa saa mara moja tu, kisha hujipasha yenyewe kila siku. “Sasa wewe hapo ni wa nini, Mwalimu?”

Nilicheka pamoja naye. Alipoondoka na jembe nilikaa barazani hadi jua likanifika miguuni. Kumbe Laurencia hakuwa na haja nami. Alinitafutia la kufanya, kama tunavyowapa watoto punje za kuchambua ili wasilie.

Hata hivyo, kesho nitabonyeza.

Jumatatu, 20 Januari 2025

Nililipasha gari kama kawaida. Halikuondoka. Saa tatu — lipo. Saa nne — lipo. Nikapiga simu.

“Niko kazini, baba. Nitakupigia baadaye.”

Hakupiga.

Mimi katekista, miaka arobaini na minne nimefundisha watoto wa watu Amri Kumi, na wangu sijawahi kumkamata kwa uongo. Leo nimemkamata, naye hajui.

Jumatano, 22 Januari 2025

Gari halijasogea. Lakini programu inaandika: mlango wa dereva umefunguliwa. Umefungwa. Kisha kiti kimeendelea kuwa moto saa nzima na zaidi, na chaji imeshuka.

Yumo ndani. Anaketi tu.

Emilian, mumewe, yuko kwenye jukwaa la mafuta baharini, atarudi tarehe nne. Nilitaka kumtafuta. Nikaona haya. Ningeanzaje? Kwamba namchungulia mkewe kwa simu?

Ijumaa, 24 Januari 2025

Dada yangu Cresensia amefika kutoka Buger bila kuarifu. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mtandio ungali begani.

“Patrisi, mtoto amekwenda. Ijumaa iliyopita. Laurencia alinipigia mimi.”

Nikauliza kwa nini hakunipigia mimi, baba yake.

“Alisema utamhubiria.”

Cresensia akaendelea, kwa sauti ya chini, ingawa nyumbani humu hakuna wa kutusikia. Laurencia alimwuliza metimani hukaliwa muda gani. Metimani! Kule kujitenga kwa wazee wetu wa Kiiraqw: aliyefiwa na mtoto mchanga au aliyeharibikiwa na mimba hakai na watu, hali nao katika chombo kimoja, haingii nyumba ya mtu, mpaka muda utimie. Mimi ndiye niliyeipinga mila hiyo madhabahuni na mashambani, kutoka Buger mpaka hapa. Na binti yangu, mwenye cheti cha uuguzi, ameikumbatia kwenye theluji.

“Hawezi kuwagusa wale wazee kazini. Moyo wake unakataa. Nyumbani, majirani wanapitia ngazi moja naye. Kwa hiyo anakaa garini.”

“Lakini kwa nini garini?”

Cresensia alinitazama kwa huruma, jambo lililoniumiza kuliko ukali wake. “Anasema humo anajisikia yuko na mtu wa kwao. Na mtu huyo hasemi. Gari la baba, anasema, hunipasha tu, haliniombei.”

Jumapili, 26 Januari 2025

Nimesali, lakini sala haikunyanyuka.

Nataka kuandika hapa nisilowahi kuliandika. Mwaka 1981 mimi na marehemu Sabina tulimpoteza mtoto wetu wa kwanza, wa siku tisa. Mama yangu alitutenga kwa metimani. Nilikuwa nimetoka shule ya makatekista, kifua mbele! Jumapili ya tatu nilimshika Sabina mkono, nikampeleka kanisani ili watu wote waone kwamba Kristo ametufungua. Benchi zima likasogea. Wanawake wakabeba watoto wao wakahamia upande wa pili. Nilisimama nikasoma somo kwa sauti kuu.

Njiani kurudi Sabina alisema maneno haya tu: “Nilikuwa bado sijamaliza kukaa.”

Nilimwelezea teolojia. Mpaka mlangoni nilikuwa naeleza! Hakurudia tena neno hilo miaka yote tuliyoishi, nami nikahesabu kwamba ameelewa.

Laurencia alipata wapi habari hizi? Bila shaka kwa mama yake, jikoni, mimi nikiwa kanisani.

Jumatano, 29 Januari 2025

Nimepasha. Chaji asilimia thelathini na mbili. Hachomeki tena waya. Kila ninapomtumia joto nakula chaji ya gari lake. Nisipomtumia, ataketi kwenye baridi. Nimeandika meseji tatu, nimezifuta tatu. Zote zilikuwa na mahubiri ndani yake. Hata ile fupi.

Jumamosi, 1 Februari 2025

Asilimia kumi na moja. Nimebonyeza, programu imekataa: chaji haitoshi kwa kupasha joto. Nikabonyeza tena. Na tena, kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Nje nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Saa mbili na nusu mlango ulifunguliwa, ukafungwa. Ameingia vilevile! Amekaa dakika hamsini.

Cresensia anasema kwa simu: “Mpigie, Patrisi. Lakini ukipiga, ufunge mdomo. Utaweza?”

Jumapili, 2 Februari 2025

Leo ni sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni. Misa saa tatu. Mimi hutangulia na msalaba kwenye maandamano ya mishumaa. Kanzu nimekwisha kuivaa.

Saa mbili na nusu mlango wa gari ukafunguliwa, ukafungwa. Nikapiga. Ikaita muda mrefu.

“Baba.”

“Laurencia.”

“Leo humu ni baridi.”

“Najua. Chaji imekwisha.”

“Shangazi amekuambia.”

“Ameniambia.”

“Usiniombee kwanza, baba.”

“Siombi.”

“Usiniambie nitoke.”

Hilo lilikuwa gumu zaidi. Nilikuwa nalo ulimini: toka mwanangu, chomeka waya, utaganda. Nikalimeza. Nikamwambia, “Kaa. Nami nimekaa.”

Nimeiweka simu mezani, sauti yake wazi, na naandika kwa sababu mikono haijui la kufanya isipokuwa kuikamata rozari, na ushanga wake ungesikika. Namsikia akipumua. Meno yake yanagongana. Mara moja amelia, si kwa nguvu. Sijasema neno.

Kengele ya kwanza. Vedasto amepita barabarani na mshumaa wake, ameniona dirishani, ameita, “Mwalimu, unachelewa! Msalaba nani atashika?” Nimemwonesha kwa mkono aende.

Kengele ya pili. Sijainuka.

Dakika ya ishirini na sita. Wimbo wa maandamano umeanza, nausikia kutoka hapa. Mtu mwingine ametangulia. Laurencia naye anausikia, kwa maana ameacha kupumua kwa sauti.

Sasa mlango wa gari. Hatua kwenye theluji — tatu, nne. Kisha hakuna kitu. Simu haijakatwa. Sijui amesimama wapi. Nimeuma ulimi wangu, nami ninangoja kusikia kama atachomeka waya au atarudi kuketi.